Ufunguo wa Pili wa Ruta Yako

Somo la nyumbani na la kikundi



Hapa kwetu Syokimau ruta si kitu kigeni tena. Utaikuta juu ya kabati la televisheni, au imetundikwa ukutani karibu na dirisha, taa zake zikimemeta mchana na usiku. Watoto wanaitegemea kwa kazi ya shule. Mama anaitegemea kupokea oda za wateja wake. Kijana anatafutia kazi hapo, na mzee anajazia hapo fomu za serikali. Lakini ukiuliza ni nani nyumbani anayejua kuingia ndani ya mashine hiyo na kuirekebisha, jibu ni lile lile: "Aah, hiyo ni ya yule kijana wa kampuni aliyeileta." Na yule kijana alikuja mara moja tu.

Wazee wa Ukambani husimulia kwamba Syokimau, yule nabii mwanamke ambaye mtaa wetu una jina lake, aliona nyoka mrefu akipita katika nchi, kabla reli haijajengwa. Leo tuna stesheni ya treni iliyofunguliwa mwaka 2012, na karibu yake stesheni kubwa ya reli mpya tangu 2017. Juu ya nguzo zetu pia unapita waya mwembamba wa faiba, na unaingia mpaka sebuleni. Kitu kikishaingia sebuleni, ni juu ya mwenye nyumba kukijua.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: jinsi ya kuingia katika ukurasa wa ndani wa ruta, mambo ya kubadilisha ukishaingia, na jinsi ya kutafuta shida intaneti ikipotea. Huhitaji kuwa fundi. Unahitaji simu au kompyuta, kalamu, karatasi, na subira kidogo.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Tuanze na kosa letu, maana tumejifunza kwa kuumia.

Katika chumba kidogo kando ya ukumbi tuna ruta ya faiba. Vijana huja hapo kufanya kazi za mtandaoni, na watu wazima huja kusaidiwa na fomu. Paswadi ya waifai tulikuwa tumeiandika kwa kalamu nene na kuibandika ukutani, ili mtu asisumbuliwe kuuliza.

Mwaka jana, katika juma la mwisho la mwezi wa Juni, intaneti ilipotea. Mnajua juma hilo lilivyo. Ripoti za kodi ya mapato hufungwa tarehe 30, na anayechelewa hupigwa faini. Watu walikuwa kwenye foleni. Simu zilionyesha waifai ipo, lakini hakuna ukurasa uliofunguka.

Kijana wetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akachukua pini ya nguo, akaiingiza katika kale katundu kadogo nyuma ya ruta palipoandikwa RESET, akabonyeza mpaka taa zote zikazima. Zilipowaka tena, hata lile jina la waifai tulilolizoea halikuwepo.

Tukamwita fundi. Alipofika hakuigusa ruta kwanza. Aliinama akatazama taa, kisha akafuata waya mpaka nyuma ya kabati.

"Mama, hili kabati lilisogezwa lini?" akamuuliza katibu wetu.

"Jumamosi, kijana wangu, tukifanya usafi."

"Basi ndilo lililowakatia. Mguu wake umekalia waya."

Kumbe shida yote ilikuwa waya wa faiba uliobanwa! Fundi aliubadilisha kwa muda mfupi. Lakini intaneti haikurudi, kwa sababu ule ubonyezaji wa pini ulikuwa umefuta jina na neno la siri ambalo kampuni ilituwekea ndani ya ruta. Fundi akauliza, "Karatasi mliyopewa siku ya kufungiwa iko wapi?" Hakuna aliyejua. Tukapiga simu kwa kampuni, tukaambiwa akaunti iko kwa jina la katibu wa zamani, na ni yeye tu anayeweza kupewa habari zake. Katibu huyo alikuwa amehamia Kitui, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Tulikaa siku tatu bila intaneti. Dada mmoja ambaye huandika maneno kutoka kwa rekodi za sauti kwa malipo alishindwa kutuma kazi aliyoimaliza, na mwenye kazi akampa mtu mwingine. Hayo yalikuwa malipo ya karo. Wengine walipanda matatu hadi Mlolongo kutafuta saiba, na kuna waliokuta foleni huko pia.

Mwishowe fundi alipofungua ukurasa wa ndani, aliandika neno "admin" mara mbili, akaingia. Akatugeukia. "Paswadi ya waifai mliibandika ukutani. Na huu ufunguo wa ndani ni ule ule wa kiwandani. Si mtu yeyote aliyekaa kwenye benchi hapo nje angeingia humu?" Tukanyamaza. Alisema kweli.

Funguo mbili, kazi mbili

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo tusome polepole. Ruta ina funguo mbili, na hazifanani.

Ufunguo wa kwanza ni paswadi ya waifai. Huu unamruhusu mtu kutumia intaneti yako. Ni kama kumkaribisha mgeni sebuleni.

Ufunguo wa pili ni jina na neno la siri la msimamizi wa ruta. Huu unamruhusu mtu kubadilisha mambo yote: paswadi ya waifai, jina lake, nani afungiwe, na hata njia ambayo simu zenu zinapita kuitafuta benki. Ni kama hati ya nyumba. Mgeni unampa kiti, humpi hati.

Watu wengi hubadilisha ufunguo wa kwanza na kusahau wa pili. Viwanda vingi vimetumia kwa miaka neno jepesi kama "admin" kwa mashine elfu nyingi, na maneno hayo yameorodheshwa wazi ambapo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Ruta nyingi mpya hutoka na neno la siri la pekee lililochapishwa kwenye kibandiko chake. Hiyo ni afadhali, lakini kibandiko husomwa na kila anayeigeuza mashine.

Je, ni hofu ya bure? Tazama mifano miwili. Brazil, kati ya 2011 na 2012, wezi waliingia katika modemu za majumbani karibu milioni 4.5 na kubadilisha kitu kimoja kidogo kinachoitwa DNS. DNS ni kama kitabu cha simu: wewe unaandika jina la benki, nayo inakutafutia namba ya mashine ya benki hiyo. Wezi waliweka kitabu chao cha uongo. Mtu aliandika jina sahihi la benki yake, na bado akapelekwa kwenye ukurasa bandia. Kisha mwaka 2016 programu mbovu iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikijaribu orodha ya maneno ya kiwandani kama 60 hivi, na kwa maneno hayo tu iliteka kamera na ruta nyingi sana. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo zilitumiwa kuishambulia kampuni ya DNS, na watu wengi huko Marekani wakashindwa kufungua kurasa kubwa kama Twitter na Netflix. Wenye mashine zile hawakujua lolote. Walikuwa hawajabadilisha ufunguo wa pili, basi.

Jinsi ya kuingia, hatua kwa hatua

1. Geuza ruta na usome kibandiko. Tafuta vitu vitatu: namba ya anwani, jina la msimamizi, na neno la siri la msimamizi. Piga picha kwa simu, au nakili kwenye karatasi. Angalia usichanganye neno la siri la waifai na la msimamizi. Mara nyingi yote mawili yako hapo.

2. Unganisha simu yako na waifai ya ruta hiyo. Kama una kompyuta na waya wa mtandao, ni bora zaidi kutumia waya, maana ukibadilisha waifai hutatupwa nje katikati ya kazi.

3. Zima bando la simu kwa muda. Simu nyingi zikiona waifai haina intaneti hurukia bando kimyakimya, na ukurasa wa ruta haufunguki.

4. Fungua programu unayotumia kusoma kurasa za intaneti, kama Chrome. Juu kabisa, mahali pa anwani, andika namba ya ruta. Mara nyingi ni mojawapo ya hizi: 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.100.1. Ruta za laini ya simu huenda zikatumia 192.168.8.1. Usiandike namba hiyo katika kisanduku cha kutafutia cha Google. Utaletewa hadithi za watu wengine.

5. Ukurasa ukifunguka, andika jina la msimamizi na neno lake la siri. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti.

Huenda ukajiuliza kwa nini namba yako inafanana na ya jirani. Wataalamu wa intaneti walitenga namba hizo maalum kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi. Ni kama "nyumba namba moja" ndani ya kila ploti. Huwezi kufika kwa jirani ukiwa kwako kwa kuandika namba hiyo. Utafika kwa ruta uliyoungana nayo.

Ukurasa ukikataa kufunguka

Usikate tamaa. Jaribu haya kwa utaratibu.

Hujui namba? Kwenye simu, ingia sehemu ya mipangilio ya waifai, bonyeza jina la waifai uliyounganishwa nayo, na utafute neno "Gateway". Simu za iPhone huandika "Router". Namba iliyo mbele ya neno hilo ndiyo ya ruta yako.

Namba ya simu yako mwenyewe inaanza na 169.254? Hiyo ni dalili kwamba simu haijapewa namba na ruta. Zima waifai ya simu, uiwashe tena. Ikiwa bado, zima ruta, hesabu mpaka thelathini, iwashe, na usubiri dakika tatu.

Simu inakuonya kwamba ukurasa si salama? Kurasa za ndani za ruta mara nyingi huleta onyo hilo, kwa kuwa mashine ya nyumbani haina cheti kama cha benki. Ikiwa uko nyumbani kwako, na namba ni ile ya ruta yako, unaweza kuendelea. Lakini onyo kama hilo likija ukifungua benki au M-Pesa, acha mara moja.

Neno la siri linakataliwa? Jaribu lile la kwenye kibandiko, ukiandika polepole. Usibahatishe mara nyingi, kwani ruta nyingi hujifunga kwa dakika kadhaa. Kama kampuni ndiyo iliyobadilisha neno hilo, wapigie uwaombe. Ruta zingine za kukodishwa huwa na kurasa ambazo kampuni imezifunga. Hata hivyo uulize ni mambo gani mteja anaruhusiwa kubadilisha.

Mambo matano ya kubadilisha ukishaingia

Kabla ya kugusa chochote, piga picha ukurasa jinsi ulivyo. Badilisha jambo moja kwa wakati, bonyeza kitufe cha kuhifadhi, jaribu intaneti, kisha uende kwa lingine. Mtu anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hajui ni lipi lililoharibu.

Kwanza, badilisha neno la siri la msimamizi. Hili litangulie yote. Chagua maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe na tarakimu. Usitumie jina la mtoto, wala namba ya nyumba, wala paswadi ya M-Pesa.

Pili, badilisha paswadi ya waifai. Iwe na herufi na tarakimu kumi na mbili au zaidi. Katika sehemu ya usalama wa waifai chagua WPA2 au WPA3. Ukiona WEP, iache. Njia hiyo ilivunjwa na wataalamu tangu 2001. Ukihifadhi, simu zote zitakatika na itabidi kila moja iandikiwe paswadi mpya. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Tatu, zima WPS, yaani ile njia ya kuungana kwa kitufe au namba fupi. Udhaifu wa ile namba yake ulijulikana mwaka 2011.

Nne, hakikisha usimamizi kutoka nje umezimwa, ili ukurasa wa ndani ufunguliwe na aliye ndani ya nyumba tu. Ikiwa ruta ni ya kampuni, usiguse sehemu waliyoiweka kwa ajili ya mafundi wao, waulize kwanza.

Tano, fungua waifai ya wageni kama ruta yako inayo. Wageni, kamera na televisheni ziwekwe huko, na simu za pesa zibaki kwenye waifai ya nyumba.

Ukimaliza, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Hesabu simu na mashine za nyumbani kwako. Ukiona vifaa kumi na tatu na nyinyi mna sita, kuna wageni usiowajua. Watu wengine hupenda kumfungia mgeni kwa namba ya simu yake, lakini simu za miaka ya karibuni hubadilisha namba hiyo zenyewe. Dawa iliyo bora ni kubadilisha paswadi ya waifai.

Intaneti ikipotea: tazama taa kwanza

Kama tungalijua sehemu hii mwaka jana, tusingalipoteza siku tatu. Majina ya taa hutofautiana kidogo kwa kila ruta, lakini kwa ruta za faiba mambo ni haya:

Hakuna taa hata moja. Shida ni stima, soketi au adapta. Ukinunua adapta nyingine, linganisha volti zilizoandikwa. Isiyofaa inaweza kuichoma ruta. Stima ikipotea, chomoa ruta ukutani, uirudishe baada ya stima kutulia.

Taa ya LOS ni nyekundu. Mwanga wa faiba haufiki. Angalia kama waya umebanwa, umekunjwa kwa nguvu au umechomoka. Waya wa faiba una kioo ndani, haukunjwi kama kamba. Usichungulie ncha yake, kwa maana mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru macho. Kama waya uko sawa, piga simu kwa kampuni. Kuingia katika ukurasa wa ndani hakutasaidia.

LOS imezima, lakini taa ya PON inamemeta bila kutulia. Mashine inajaribu kujulikana na kampuni na haijakubaliwa. Izime na kuiwasha mara moja. Isipotulia, piga simu.

PON imetulia, waifai ipo, lakini hakuna kurasa. Kwanza, je, malipo ya mwezi yameisha? Usicheke, hii ndiyo sababu ya kawaida. Kama mmelipa, ingia katika ukurasa wa ndani utazame hali ya muunganisho. Ikiwa imeandikwa kwamba haujaunganishwa, huenda jina na neno la siri la kampuni vimefutika.

Intaneti ipo kwa simu moja na haipo kwa nyingine. Ruta haina kosa. Kwenye simu yenye shida, futa waifai hiyo kabisa na uiunganishe upya.

Intaneti ni nzuri sebuleni na mbaya chumbani. Ruta nyingi hutoa waifai ya aina mbili. Ile ya 5 GHz ina kasi lakini huchoka ikikutana na kuta za mawe. Ile ya 2.4 GHz huenda mbali zaidi. Chumbani tumia ya pili. Tena itoe ruta nyuma ya televisheni na uiweke juu, katikati ya nyumba.

Na wakati mwingine shida haiko kwako wala kwa kampuni yako. Kenya imepata intaneti nyingi kwa nyaya zinazopita chini ya bahari, nazo zilianza kutufikia mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, mtu angebonyeza RESET mpaka kidole kimuume, na asingepata kitu. Kwa hiyo muulize jirani kwanza. Kama na yeye hana, ngojeni pamoja.

Kumbuka: kuzima na kuwasha ruta hakufuti kitu, jaribu bila woga. Kubonyeza RESET kwa pini kwa sekunde kumi ni jambo jingine kabisa. Kunarudisha mashine ilivyotoka kiwandani, na mara nyingi kunafuta yale ambayo kampuni iliyaweka. Pini iwe hatua ya mwisho, nayo ifanywe tu ukiwa na karatasi mkononi.

Karatasi ya ruta

Kila nyumba na kila kikundi waandike karatasi moja yenye mambo haya:

- Jina la kampuni na namba yake ya simu ya huduma.
- Namba ya akaunti, na jina la mtu aliyeandikishwa.
- Tarehe ya kulipa.
- Anwani ya ukurasa wa ndani.
- Jina na neno la siri la msimamizi.
- Jina na neno la siri la kampuni, kama waliwapa.
- Volti za adapta.
- Tarehe ya mwisho mliyobadilisha paswadi.

Karatasi hii haibandikwi ukutani. Ihifadhiwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati zingine, na watu wawili wajue ilipo. Tunasema wawili kwa sababu mmoja husafiri, huugua, au huhamia Kitui. Mwenye jina kwenye akaunti akiondoka, badilisheni jina hilo kabla hajafunga mizigo.

Kwa wanaoishi ploti moja

Katika ploti nyingi za hapa kwetu, wapangaji kadhaa huchanga na kutumia ruta moja. Huo ni umoja mzuri, lakini huleta ugomvi pasipo na utaratibu. Mpangaji mmoja akiwa na ufunguo wa pili peke yake na bila makubaliano, anaweza kumfungia mwenzake usiku kwa sababu ya maneno ya mchana. Afadhali mkae kikao, mkubaliane ni nani wawili wanaoshika ufunguo huo, paswadi ya waifai itabadilishwa lini, na mpangaji akihama itakuwaje.

Na ikiwa umejifunza somo hili vizuri, usilitumie kuingia katika ruta ya jirani bila idhini, hata kama unajua neno lake la siri. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya makosa ya mtandao inahesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai. Ukiona ruta ya jirani bado ina neno la kiwandani, mbishie hodi umwambie. Kama ni mama mzee, keti naye mbadilishe pamoja, yeye mwenyewe akiandika, nawe ugeuze macho pembeni.

Zoezi la juma hili

Jioni moja, kabla ya shida yoyote, kaeni kama familia. Someni kibandiko, ingieni katika ukurasa wa ndani, badilisheni ufunguo wa pili, na muandike karatasi. Mpeni mtoto mkubwa nafasi ya kuandika, na mama au baba asome. Kazi yote ni kama nusu saa.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika nyumba yako, ni nani anayeshika ufunguo wa pili? Akisafiri, kazi itasimama?
2. Je, ni lini mara ya mwisho mlibadilisha neno la siri la msimamizi, au bado ni lile la kiwandani?
3. Intaneti ikipotea leo jioni, utatazama nini kwanza, cha pili na cha tatu?
4. Katika ploti yenu, mna makubaliano gani juu ya ruta mnayochangia? Ni jambo gani limewahi kuleta ugomvi?
5. Ni mzee au jirani gani asiye na mtu wa kumsaidia, ambaye mnaweza kumtembelea juma hili?

Sisi tumekwisha kuiondoa ile karatasi ya ukutani. Kabati limerudishwa mahali pake, na waya wa faiba unapita juu, ambapo ufagio haufiki. Akaunti sasa ina jina la ofisi, si la mtu. Yule kijana wetu wa pini ndiye tuliyempa kazi ya kutunza karatasi ya ruta, na mwaka huu Juni ilipofika, watu walijaza ripoti zao wakaenda nyumbani mapema. Yule dada wa rekodi amepata kazi nyingine. Lakini ile ya kwanza haikurudi, na hatupendi limpate mwingine.